Jiwe la Vifungo

Neno lenyewe lilianzia kwa Odeta, na tangu siku hiyo likanikaa kooni kama mwiba wa sato.

Odeta anauza dagaa sokoni Igogo, meza yake imepakana na yangu ya samaki na dagaa. Asubuhi moja, huku akifukuza nzi kwa kipande cha boksi, aliniinamia sikioni.

"Mama Paskazia, unamjua Kishore, mwenye duka la vitambaa kule Mirongo? Yule ambaye binti yako anashinda kwake kila Jumamosi?"

"Namjua. Ana nini?"

"Anafuga kitu ndani. Kaka yangu kampelekea chumvi kwa mkokoteni. Magunia, mama! Kaliona na tangi lenyewe, la kioo, refu kama kitanda, linawaka taa za buluu mchana kweupe. Sasa nieleze wewe. Mtu ana ziwa zima mlangoni, anakoroga maji ya chumvi sebuleni ya nini?"

"Ni samaki wa mapambo," nikasema. Ndivyo Paskazia alivyonieleza.

"Samaki gani huyo anayekataa maji ya ziwa? Siku hizi samaki wanachagua maji?" Odeta akabinua midomo. "Mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Utajiri mwingine una mlo wake."

Nikamwambia aache uzushi, nikaendelea kupanga samaki wangu. Lakini kichwani neno halikuondoka. Nikikaanga samaki nalisikia, nikilala nalisikia. Maji ya chumvi ya nini?

Paskazia yuko darasa la sita. Yeye na Krupa, binti wa Kishore, walijuana kwenye tuisheni ya hesabu. Mmoja anaweza sehemu, mwingine anaweza maumbo, basi wakashikana kama gundi. Kila Jumamosi utaratibu ni ule ule. Paskazia anaamka, ananisaidia kupara samaki, kisha anasafisha ubao. Sisi wauza samaki tuna sheria tunayowafundisha watoto hata kabla hawajajua kusoma: chochote chenye utelezi na shombo, kimwagie maji yanayochemka, ukisugue kwa majivu na stili waya mpaka harufu ife. Paskazia hana mpinzani kwa kazi hiyo. Akimaliza anaoga, anabeba madaftari yake, huyo tuisheni. Kutoka hapo anakwenda kwa kina Krupa mpaka alasiri.

Mwanzoni alikuwa akirudi na hadithi tele. "Mama, kule kwao kuna samaki wa rangi ya chungwa! Kuna mdudu mwenye miiba kama nungunungu! Na kuna mawe yaliyo hai!"

Kisu nusura kiniponyoke. "Mawe yaliyo hai?"

"Ndiyo. Kuna jiwe limejaa vidude kama vifungo vya shati, vina vinywele pembeni. Taa ikiwaka vinafunguka, kitu kikivigusa vinajifumba."

"Nani kavigusa?"

"Samaki, mama. Sisi baba yake Krupa ametukataza."

"Amewakataza kwa nini?"

"Hakusema. Alisema tu, msiguse."

Mnaona? Nikajiambia, mtu asiye na jambo angesema kwa nini. Kuanzia hapo nikawa askari. Mtoto akirudi namnusa nguo, namwangalia viganja, namuuliza maswali. Mmekula nini? Mlikaa chumba gani? Lile tangi umelisogelea? Pale bombani watoto wenzake nao walikuwa wamelidaka neno la Odeta. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, Chenge, alikuwa akimwona tu anapiga kelele: "Paskazia! Jini akileta posa utuite tule pilau!" Na wote wanacheka.

Paskazia akaacha kunisimulia. Nikimuuliza habari za kule, jibu lake likawa moja tu, "Nzuri, mama." Nikafurahi, nikidhani maonyo yangu yameingia. Kumbe nilikuwa nimemfunga mdomo mwanangu mwenyewe.

Ikafika Jumamosi ya kabla ya sikukuu yao ya Diwali. Paskazia alirudi mapema kuliko kawaida, macho mekundu kama aliyekata kitunguu, na anakohoa.

"Una nini?"

"Vumbi tu, mama."

"Vumbi la wapi?"

"Huko njiani." Akakataa chakula. Akasema mdomo mchungu, kama amelamba sarafu. Jua lilipoanza kushuka alikuwa anatetemeka, analalamika mikono na miguu inamuuma, na kikohozi hakimpi nafasi ya kumaliza sentensi.

Odeta alikuja mbio na kanga yake mabegani. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. "Si nilisema? Hili si la hospitali, mama. Buhongwa kuna mtu anatoa vitu hivi. Twende sasa hivi, kabla hakijamzoea."

Sitawadanganya, miguu yangu ilishaanza kuelekea kwenye viatu. Lakini nilipomfunua shuka nikaona mbavu zake zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Mtoto alikuwa anaitafuta hewa. Nikasema moyoni, huyo mtu wa Buhongwa, hata awe hodari namna gani, hewa hana. Nikasimamisha bajaji, nikampakia mwanangu, tukaenda kituo cha afya.

Na hapo, kwenye benchi la kusubiria, nani nimkute? Nirmala, mama yake Krupa, amempakata binti yake. Krupa alikuwa na hali mbaya kuliko Paskazia. Midomo imebadilika rangi, kichwa kimelala begani kwa mama yake.

"Mwadila, Mama Paskazia," Nirmala akanisalimu. Amezaliwa Mwanza hii hii, salamu za Kisukuma hazimpigi chenga.

Sikuitikia. "Mmempa nini mwanangu?"

Akainua uso. "Mimi ndiye wa kukuuliza wewe. Nimeokota kichwa cha dagaa sakafuni jikoni kwangu. Unajua nyumbani kwangu hatuli samaki. Mwanao kamlisha Krupa nini?" Akakohoa, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Dagaa zangu hazijaua mtu! Na hiyo chevda yenu, vile vitafunio vya pilipili, je?"

"Chevda? Chevda mimi nimeila kabla sijaota meno!"

"Ndiyo mumpe mtoto wa watu?"

"Jamani kina mama," akasema mzee mmoja aliyeshika mguu wake uliofungwa bendeji, "wagonjwa ni watoto au ni nyinyi?"

Tukaacha maneno, lakini tulitupiana macho makali. Mimi nilikuwa namwona mke wa mtu mwenye tangi. Yeye alikuwa anamwona muuza dagaa aliyemchafulia jiko na mtoto. Katikati yetu mabinti wawili wanakohoa kwa zamu. Wao hawakutazamana vibaya. Walitazamana kama watu waliokubaliana jambo.

Daktari Ndalahwa akatuita wote pamoja. Muuguzi alikimbilia kumwekea Krupa mpira wa hewa puani, mwingine akawachoma mabinti vidole. Kipimo cha malaria kikatoka safi, wote wawili hawana. Daktari akavuta kiti.

"Walikula nini?"

"Chevda yao!" nikasema.

"Dagaa zao!" akasema Nirmala, wakati huo huo.

Daktari hakucheka. Alikuwa anamtazama Nirmala. "Wewe mama, kikohozi hicho kimeanza lini?"

"Leo mchana."

"Ulikula dagaa?"

"Mungu aniepushe!"

"Chevda?"

"Leo nimefunga, daktari. Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

"Basi chakula hakina kesi," akasema. "Mama ambaye hajala chochote anaumwa sawa na watoto. Nyinyi watatu hamkula kitu kimoja. Mmevuta hewa moja. Wewe mama, kabla ya kuanza kukohoa ulikuwa wapi?"

Nirmala akafikiri. "Niliingia jikoni. Kulikuwa na mvuke umejaa, madirisha yamefungwa. Wakaniambia wanachemsha chai."

"Mabinti, mlikuwa mnachemsha nini?"

Krupa akafumba macho. Paskazia akainamisha kichwa, akawa anachezea upindo wa shuka.

"Sikilizeni," akasema Daktari Ndalahwa, taratibu tu. "Sitaki kumchapa mtu. Nikijua mmevuta nini, nitajua cha kufanya na cha kuogopa. Nisipojua, nitabahatisha. Na mwenzenu huyu hana nafasi ya mimi kubahatisha."

Paskazia akamtazama rafiki yake, ule mpira puani, kile kifua kinachopanda kwa shida. Kisha akageuka. Hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Mama, nikisema, hutasema ni jini?"

Wanangu, swali lile lilinikata maini. Mtoto alikuwa anapigania pumzi, na bado alichokiogopa ni mdomo wa mama yake.

"Sema, mwanangu," nikamwambia. "Sitasema kitu."

Akasema, maneno mawili, kikohozi, maneno mawili. Nyumbani kwa Krupa walikuwa wanasafisha kila kitu kwa ajili ya Diwali, taa, mapazia, mpaka bawaba za milango. Krupa akaona lile jiwe la vifungo limeota ukoko wa kijani, linateleza. Akataka baba yake akirudi kutoka dukani alikute linang'aa. Paskazia akamwambia hilo dogo, kwetu Igogo tunajua dawa ya utelezi. Wakalitoa kwenye tangi kwa mikono mitupu. Wakalipeleka jikoni, wakafunga madirisha na mlango ili wasionekane. Wakalimwagia maji yanayochemka, kisha wakaliinamia, wakalisugua kwa stili waya. Vifungo vikawa vinachanika, vinaruka mpaka usoni. Mvuke ukawajaa puani. Dagaa zilikuwa za kutafuna tu wakati wa kazi, Krupa alionja moja. Walipoanza kukohoa waliogopa, wakalificha jiwe kwenye ndoo chini ya sinki, wakalifunika kwa kitambaa. Nirmala alipoingia kuuliza wanafanya nini, walisema wanachemsha chai.

"Ndoo bado ipo huko?" akauliza daktari.

"Ipo."

Nirmala akashika kinywa. "Kishore! Nimempigia arudi nyumbani achukue fedha na nguo za mtoto. Atakuwa ameshafika!"

Akapiga simu, akaweka sauti kubwa tusikie wote. Ikaita, ikaita. Mwishowe Kishore akapokea.

"Niko mlangoni naingia. Vipi Krupa?"

"Usiingie jikoni! Watoto wamelitoa jiwe la vifungo, wamelimwagia maji ya moto, wamelisugua!"

Kisha tukasikia mlango unafungwa kwa nguvu, na sauti yake ikarudi, imebadilika. "Maji ya moto? Mungu wangu. Mwambie daktari hivyo vifungo vina sumu. Vikichemshwa au vikisuguliwa sumu inapanda na mvuke. Yule aliyeniuzia Dar alinionya sana: lisitolewe, lisichemshwe, lisisuguliwe. Ndiyo maana nikawaambia wasiguse!"

"Je, uliwaambia sababu ya kutogusa?" akauliza Daktari Ndalahwa.

"Hapana," akasema Kishore. "Sikutaka kuwatia hofu."

Kuanzia hapo mambo yakawa na njia. Daktari akampigia bingwa wa hospitali kubwa, wakashauriana. Alituambia wazi kwamba sumu ile haina dawa yake maalumu ya kuiua. Kazi ni kuusaidia mwili upumue na kuulinda moyo mpaka sumu ipungue. Mabinti wakaoshwa kwa sabuni mwili mzima, macho yakasafishwa kwa maji mengi, nguo zao zikafungwa kwenye mfuko. Paskazia naye akawekewa hewa, na Nirmala akaambiwa hatoki, naye ni mgonjwa. Tukalazwa chumba kimoja, mimi peke yangu nikiwa mzima. Basi nikawa mama wa watatu. Nirmala alipoweza kula nilimtafutia uji wa ulezi, nikamwapia kwamba sufuria haijawahi kuona samaki.

"Nakuamini, Mama Paskazia," akasema. Kisha akanusa kwanza kabla ya kunywa. Nikacheka, naye akacheka mpaka akakohoa.

Paskazia alipata nafuu mapema. Krupa alikawia, na kuna saa ambazo mama yake na mimi tulihesabu pumzi zake tu. Lakini naye akaamka, akaomba chevda. Hapo tukajua amerudi.

Siku ya kuruhusiwa, Daktari Ndalahwa aliketi ukingoni mwa kitanda cha Paskazia.

"Wewe ni mtoto wa ziwani. Samaki gogogo unamshika vipi?"

"Simshiki mapezi, daktari. Ana miiba inachoma sana."

"Nani alikufundisha?"

"Mama. Alinionyesha mwiba wenyewe, akanieleza unavyouma."

"Ndiyo maana gogogo hajakudhuru mpaka leo. Huna haja ya kumwita jini, wala hujachomwa. Unajua silaha yake iko wapi." Akatugeukia sisi wakubwa. Kishore naye alikuwepo, amesimama mlangoni. "Viumbe wa baharini ni hivyo hivyo. Wanajilinda, wengine kwa miiba, wengine kwa sumu. Mzee, wewe ulitoa katazo bila sababu, na hilo ni nusu ya onyo. Na mama, wewe ulileta hofu bila maarifa. Mtoto akakwama kati yenu, akaona bora anyamaze. Sasa nyinyi mabinti. Mlikosea kugusa mlichokatazwa, hilo mmelilipia. Lakini kosa kubwa lilikuwa kuficha. Paskazia alipofungua mdomo ndipo tulipojua tunapigana na nini. Ukweli mlioubeba kama mzigo ndio uliotusaidia kumwokoa Krupa, pengine na baba yake."

Kishore akanikaribisha nyumbani kwake nilione tangi. Alikuwa ameacha madirisha yote ya jiko wazi, akalishughulikia lile jiwe kwa glavu, miwani na barakoa, kama muuzaji alivyomwelekeza. Nilikwenda na Odeta, maana nilijua nikienda peke yangu neno halitakufa. Odeta akasimama mbali, mkono kiunoni, akawatazama wale samaki wa rangi ya chungwa wanavyoingia na kutoka kwenye mawe.

"Na wanakula nini hawa?" akauliza, bado ana wasiwasi.

"Chakula cha samaki tu, dada," akasema Kishore. "Kikopo hiki hapa."

Odeta akakipokea, akakinusa, akakirudisha. "Basi mimi nimekuwa nikiwaonea bure," akasema. Sokoni siku iliyofuata nilimsikia akimkaripia Chenge: "Jini gani wewe? Nenda kasome!"

Ninyi mnaosoma, huenda kwenu hamna tangi la maji ya chumvi. Lakini mnaweza kulikuta kwa rafiki, au hotelini, au siku moja mkalifuga wenyewe. Kishore alinielekeza, daktari akakazia, nami nimeyaandika kwa maneno yangu. Haya ndiyo ya kuepuka:

Usitie mkono kwenye tangi bila mkubwa anayelijua kuwepo, na bila glavu ndefu.

Usilitoe jiwe lenye viumbe hai. Usilichemshe, usilimwagie maji ya moto, usilisugue, usiliache likauke. Sheria ya ubao wa samaki ni ya ubao wa samaki.

Usiiname juu ya mawe yanaposafishwa. Anayesafisha avae miwani ya kukinga macho, na madirisha yawe wazi.

Usiguse tangi ukiwa na kidonda, hata mchubuko. Sumu na vijidudu huingilia hapo.

Usisugue macho wala kula kabla ya kunawa kwa sabuni.

Usimkamate kiumbe mwenye miiba, hata akionekana amelala au amekufa.

Usivute maji ya tangi kwa mdomo kupitia mpira. Ndoo ya tangi isiwe ndoo ya jikoni.

Usishike pampu, taa wala waya ukiwa na mikono yenye maji. Umeme uzimwe kwanza, na mkubwa ndiye auzime.

Usiokote kioo kilichovunjika kwa vidole.

Ukichomwa, au ukikohoa baada ya kuwa karibu na tangi, usisubiri na usipelekwe kwa mganga. Toka kwenye hewa ile, jioshe, nenda hospitali.

Na ukifika hospitali usifiche ulichogusa, hata kama ulikatazwa, hata kama unamwogopa mama yako. Sema.